Wageni wa Ulaya

Lugha ina mizaha yake. Katika Wilaya ya Kilosa, kusini ya mji wa Kilosa kwa njia iendayo Mikumi, iko kata iitwayo Ulaya. Miongoni mwa vijiji vyake vimo Ulaya Mbuyuni na Ulaya Kibaoni. Mtu wa huko akisema, "Nimetoka Ulaya leo asubuhi," hasemi uongo wala hakupanda ndege. Amepanda basi au pikipiki, na vumbi la njia bado liko juu ya mabega yake. Wanaosikia maneno hayo Dar es Salaam hucheka. Wenye kuyasema wamekwisha choka kucheka.

Asili ya neno hili yafaa kukumbukwa. Waarabu walisema wilaya, maana yake nchi iliyo chini ya mamlaka ya mtawala. Neno likasafiri mpaka India, na huko likapata maana ya nchi ya mbali watokako watawala wageni, hasa Uingereza. Askari wa Kiingereza waliokaa India wakalichukua, wakalipotoa matamshi, wakalifanya jina la mapenzi la kwao. Pwani yetu ikapata Ulaya, nchi ya Wazungu. Na kutoka shina lile lile tukapata wilaya, sehemu ya mkoa, na liwali, mtawala wa mji. Basi mtu aandikapo "Wilaya ya Kilosa, Kata ya Ulaya" ameandika neno moja mara mbili, kwanza kwa maana ya nyumbani na pili kwa maana ya ugenini. Sijui mfano ulio bora kuliko huu wa kuonyesha kuwa kwao kwa mmoja ni ng'ambo kwa mwingine.

Nimeanza na jina kwa sababu nataka kusema juu ya familia moja ya wamisionari wa Kikristo iliyotoka Ulaya ya ng'ambo ikaja kukaa Ulaya ya Kilosa, na zaidi juu ya watu walioisaidia kukaa. Sitawataja kwa majina, maana ni watu wa faragha, nao hawakutenda waliyoyatenda ili waandikwe. Mimi nilikuwa mwalimu wao wa Kiswahili kwa muda wa likizo ya chuo, tangu mwezi wa Julai mpaka Septemba mwaka 2017. Mama yangu ni mzaliwa wa bonde la mto Miyombo, na kwa desturi ya watu wa huko, kama ilivyo kwa Wasagara, Wavidunda, Wakaguru na Waluguru, ukoo hufuata upande wa mama. Kwa hiyo nilipokwenda Ulaya kufundisha nilikuwa nakwenda kwetu, na nyumba niliyofikia ilikuwa ya mjomba wangu.

Vitabu vinavyoeleza jinsi mmisionari alivyowafaa wenyeji ni vingi. Vinavyoeleza jinsi wenyeji walivyomfaa mmisionari ni vichache, ingawa jambo hili la pili ndilo lililotangulia. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na Church Missionary Society ya Uingereza, alifika Unguja mwezi wa Januari mwaka 1844, na mwaka huo huo akahamia Mombasa pamoja na mkewe Rosine. Mwezi wa Julai mke akafa kwa homa, na mtoto wao mchanga wa kike akafa pia. Lakini mwezi wa Juni, kabla ya msiba huo, Krapf alikuwa amekwisha anza kufasiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Na aliyemsaidia alikuwa Kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Mohiddin. Tafakari jambo hili, msomaji. Mwanachuoni wa Kiislamu aliketi na mgeni wa dini nyingine akampa lugha yake, naye alijua fika mgeni huyo alikuwa akiitakia nini. Sarufi ya Krapf ilichapwa mwaka 1850, na kamusi yake mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Jina la Krapf hujulikana na kila mwanafunzi wa lugha yetu. Jina la Kadhi hujulikana na wachache.

Mfano mwingine ulitokea wilayani Kilosa kwenyewe. Joseph Last wa chama kile kile alikaa Mamboya, kaskazini ya wilaya hiyo, mwanzoni mwa miaka ya 1880. Mkewe akafia huko. Mwaka 1886 ikatoka sarufi yake ya lugha ya Kikaguru. Kila neno lililomo katika kitabu cha namna hiyo liliulizwa na mtu na kujibiwa na mtu. Muulizaji jina lake limeandikwa juu ya jalada. Mjibuji alirudi shambani kwake.

Sasa nirudi kwa wageni wangu. Walikuwa mume, mke na watoto watatu. Mume alikuja kufundisha waalimu wa dini vijijini. Mke alikuwa muuguzi. Walikuwa watu wema, wenye bidii, na walikuja na daftari la mambo waliyokusudia kuwafanyia watu wa Ulaya. Daftari hilo lilikuwa na kurasa nyingi. Halikuwa na ukurasa hata mmoja wa mambo ambayo watu wa Ulaya wangewafanyia wao. Sisemi hivi kwa kuwalaumu, maana ndivyo walivyofundishwa: aliyetumwa hutumwa kutoa. Lakini nilipoliona daftari hilo nilitambua kuwa somo gumu katika masomo yangu halitakuwa ngeli za majina wala nyakati za vitenzi. Litakuwa kitenzi kimoja, nacho ni kupokea.

Mambo ya kwanza yalikuwa mepesi. Walipelekwa kwa mtendaji wa kijiji na kwa mwenyekiti, wakaonyesha vibali vyao, wakajulishwa kwa watu katika mkutano wa kijiji. Walifundishwa kuwa mkaa haukatwi popote mtu apendapo, maana misitu ya vijiji hivi ina mipaka na kamati yake, na Ulaya Mbuyuni hasa hujulikana kwa mpango wa kuvuna mkaa kwa utaratibu. Walijifunza kuchemsha maji ya kunywa, kufunga chandarua kabla ya magharibi, na kutofautisha mchele wa zamani na mchele mpya kwa kuutia mkononi. Watoto walijifunza haraka kuliko wazazi, kama ilivyo desturi ya watoto. Kwa muda wa wiki sita yule mdogo aliweza kutaniana kwa Kiswahili, na baba yake alikuwa bado akitafuta kiambishi.

Mambo magumu yalikuja kwa njia ya vyombo. Jirani mmoja, mama wa makamo, alileta bakuli la mayai. Mke wa mmisionari alishukuru sana, akaingia ndani, akatoka na noti, akamtolea. Mkono wa jirani ulirudi nyuma kama uliogusa moto. Alicheka ili kuificha haya, akaaga, akaenda zake. Jioni ile tulikuwa na somo, nikaliacha zoezi lililokuwa kitabuni. Nikaeleza kuwa yale mayai hayakuwa bidhaa; yalikuwa salamu. Salamu hailipwi, huitikiwa. Bakuli halirudishwi siku ile ile, maana kulirudisha upesi ni kukata uhusiano kabla haujaota. Wala halirudishwi tupu. Likae siku mbili tatu, kisha lirudi na kitu kidogo ndani yake, viazi au sukari ya kipimo, nalo litakuja tena. "Na hesabu yake humalizika lini?" akaniuliza. Nikamjibu, "Haimaliziki, ikimalizika, ujirani umekwisha."

Aliliandika jibu hilo, lakini niliona halikumwingia. Kwa watu wengi wa kwao, deni ni mzigo, na uungwana ni kuutua mapema. Kwetu deni dogo la namna hii ni kamba. Asiyelitaka hana wa kumvuta siku ya kutumbukia. Hakuna sarufi inayofundisha jambo hili. Huja lenyewe siku yake ikifika.

Siku hiyo ilikuja mwezi wa Agosti. Mtoto wa pili alishikwa na homa, akapelekwa zahanati, akapimwa damu, akaonekana ana malaria, akapewa dawa ya mseto. Habari zilienea kabla hajarudishwa nyumbani. Wanawake wakaanza kuja, mmoja mmoja na wawili wawili, kumjulia hali mgonjwa. Mama yake, ambaye kwa kazi yake aliwazoea wagonjwa wa watu lakini hakuzoea kuuguliwa na wake mbele ya watu, alifunga mlango. Kwao mgonjwa huachiwa kimya. Wanawake wale hawakuondoka, waliketi chini ya mwembe, na mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Ametufungia."

Neno hilo lilikuwa zito. Katika kijiji, nyumba inayofunga mlango wakati wa ugonjwa hudhaniwa ina siri au ina kiburi, na sifa mojawapo ya hizo hudumu miaka. Nilikuwa nimesimama baina ya lugha mbili, kama mtu aliyesimama kizingitini. Niliwaambia akina mama kuwa katika nchi ya mwenzao, kumwacha mtu na mgonjwa wake ni namna ya kumheshimu. Kisha nikabisha hodi, nikamwambia yeye kuwa hawa hawakuja kumtazama mgonjwa, wamekuja ili mwenye mgonjwa asiwe peke yake. Alinyamaza kitambo, akafungua.

Hawakuingia wote. Bibi mmoja aliingia akaketi karibu na kitanda bila kusema neno. Mwingine alikwenda jikoni akakoka moto akapika uji. Wasichana wawili walichukua ndoo wakaenda kuteka maji. Mwingine alizikusanya nguo zilizokuwa beseni akazifua, na miongoni mwa nguo hizo zilikuwamo zile ambazo mtu hapendi zifuliwe na mwingine. Mke wa mmisionari alikaa juu ya kiti, hana kazi ndani ya nyumba yake mwenyewe, akalia. Aliposema kuwa hajui atawalipa nini, yule bibi aliyeketi kitandani ndiye aliyemjibu: "Na wewe utakuja kwetu." Nakubali kuwa katika miaka yangu ya kufundisha Kiswahili sijapata kusikia wakati ujao ukitumiwa vizuri kuliko hivyo.

Baada ya siku nne mtoto alipona. Ndipo wazee walipouliza swali ambalo, kwa desturi ya ukoo wa upande wa mama, lilikuwa limechelewa kuulizwa: mjomba wa watoto hawa ni nani? Huko mtoto asiye na mjomba ni kama nyumba isiyo na nguzo ya katikati. Siku ya ugonjwa, ya ugomvi au ya ndoa, mjomba ndiye anayeitwa. Ndugu wa mama yao walikuwa mbali, ng'ambo ya bahari. Shauri likakatwa kuwa mjomba wangu ashike nafasi hiyo. Akaikubali, na tangu siku ile watoto wale walimwamkia shikamoo kwa jina la mjomba, naye aliwagombeza walipoparamia mapaa ya watu.

Mjomba wangu ni Mwislamu. Siku moja, tulipotoka sala ya Ijumaa, mtu mmoja alimwuliza mbele yangu: "Mzee, watu hawa wamekuja kuwatoa watoto wetu katika dini yao. Wewe unawapa ujomba, na mpwa wako anawapa ulimi wa kusemea. Hamwoni kuwa mnanoa kisu?" Swali hilo halikuwa la mjinga, wala halikuulizwa kwa uovu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimejiuliza usiku mwingi. Lugha ninayomfundisha mmisionari siyo ya kununulia nyanya tu, ataihubiria. Na historia ya kazi hii imechanganyika na historia ya utawala: misheni nyingi zilitangulia bendera, nyingine zilifuata nyuma yake, na wenyeji waliofungua milango hawakuulizwa juu ya yote yaliyoingia.

Mjomba alifikiri hatua kadhaa kabla ya kujibu. Akasema kuwa dini ni ya Mungu, na anayeogopa kuwa mwanawe atachukuliwa kwa maneno na akae na mwanawe amwambie maneno yaliyo bora. Lakini mtu aliyewekwa mlangoni pako na watoto wenye homa huulizi kwanza anasali wapi. Kisha akaongeza jambo ambalo naliona ni kiini cha hoja nzima: "Mgeni usiyemsaidia hukaa hapo hapo, ila hukaa kama bwana. Ukimsaidia hukaa kama jirani." Aliyeuliza hakuridhika kabisa, na hana sababu ya kuridhika kabisa. Lakini waliendelea kutembea pamoja, na mazungumzo yakageukia bei ya ufuta.

Nimelipima neno la mjomba wangu mara nyingi tangu wakati huo, nami naliona lina nguvu kuliko maelezo mengi ya wataalamu. Mgeni mwenye mali akiachwa peke yake hulazimika kununua kila kitu. Hununua maji, hununua kuni, hununua ulinzi, mwisho hununua na salamu. Wanaomzunguka wanakuwa watumishi wake au waombaji wake, na baada ya mwaka mmoja yeye hulalamika kuwa watu hawa hupenda fedha, nao hulalamika kuwa mtu huyu ana majivuno; kila mmoja husema kweli juu ya jambo walilolitengeneza pamoja. Hii ndiyo sababu kumsaidia mgeni kukaa si kumtumikia. Mtumishi humpa mgeni anachokitaka. Mwenyeji humpa anachokihitaji, na mara nyingine kitu hicho ni kazi, au kungoja, au kukatazwa. Wahenga waliposema kuwa mgeni apewe jembe siku ya tatu hawakuwa wachoyo. Walijua kuwa asiyepewa jembe hapewi nafasi.

Nilirudi Ulaya wakati wa Pasaka mwaka 2018. Mzee mmoja wa kitongoji alikuwa amefariki wiki moja kabla, na daftari la michango ya msiba lilikuwa bado mezani kwa mjomba, maana yeye ndiye aliyekuwa mweka hazina. Nililifungua. Kila nyumba ilikuwa imeandikwa jina na ilichotoa: fedha, debe la mahindi, mzigo wa kuni. Katikati ya ukurasa wa pili, baina ya fundi baiskeli na mama muuza vitumbua, niliiona nyumba ya wageni wangu, imeandikwa kwa jina la mtoto wao wa kwanza kama nyumba nyingine zote zilivyoandikwa. Walitoa mchele na kiasi cha fedha kilichokuwa sawasawa na cha jirani zao. Hawakutoa zaidi. Niliambiwa kuwa mke alikesha jikoni pamoja na wenzake usiku wa matanga. Idara ya Uhamiaji ilikuwa imewapa kibali cha kukaa. Lakini hati ya kukaa kweli ilikuwa daftari lile lenye madoa ya mafuta ya taa.

Hata hivyo nisingetenda haki kama ningemalizia hapo, kana kwamba mlango hufunguka sawa pande zote mbili. Yuko mtu wa pwani yetu aliyefanya safari hii kwa kinyume. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, alikwenda Ujerumani kufundisha Kiswahili mjini Berlin tangu mwaka 1900, na mwaka 1903 kikachapwa kitabu cha desturi za Waswahili ambacho hata leo hatuwezi kukiacha. Alioa mwanamke wa Kijerumani mwaka 1904. Mwaka uliofuata alitaka kurudi kwao pamoja na mkewe. Walipofika Dar es Salaam wakuu wa koloni wakawakataza kushuka, na ikawabidi warudi Ulaya. Alifia Berlin mwaka 1927. Mtu huyu aliwafundisha wageni lugha ambayo wangekaa nayo katika nchi yake, kisha wageni hao hao wakamzuia yeye kukaa katika nchi hiyo na mke wake. Hakukosa elimu wala adabu. Alikosa mtu mwenye mamlaka wa kumwambia karibu.

Siku hizi wanafunzi wangu waendao ng'ambo kwa masomo husimama katika foleni za balozi na kuulizwa maswali ambayo mtendaji wa kijiji cha Ulaya asingemwuliza mgeni kwa haya. Nasema haya kwa sababu ukarimu usiokumbuka hesabu hugeuka kuwa mazoea ya kuinama. Tuwakaribishe wageni, lakini tujue kuwa tunachowapa kina thamani, na tuwafundishe kukijua.

Kwenu ninyi mnaosoma Kiswahili ili mkifundishe, wengi wenu mtaitwa kuwafundisha wageni wa namna hii, wamisionari, madaktari, wahandisi na watafiti. Kazi hiyo huonekana ndogo na haipandishi cheo. Ifanyeni kwa heshima kamili. Mfundisheni mgeni ngeli zote, lakini msimwache aende kabla hajajua kuwa asante si malipo, kuwa pole husemwa hata na asiyekosa, na kuwa anayesema karibu amejifunga kwa neno lake. Mfundisheni kutoa kwa kipimo cha jirani. Zaidi ya yote mfundisheni kupokea, maana aliyekuja kutoa tu hajafika bado, hata akikaa miaka ishirini. Na atakapoandika kitabu chake, kama wengi wao wanavyoandika, mwambieni aliandike na jina la aliyemjibu.